Laptopu ya Shule Ilipopata Homa

Mradi wa serikali wa kidijitali ulipoanza kufika shule za msingi za Kenya mwaka 2016, kila shule iliandaliwa tableti za watoto wa darasa la kwanza, projekta, na laptopu za walimu. Laptopu zenyewe mbili. Majilisi yetu ina walimu wengi kuliko viti, kwa hiyo mbili hizo zikahamia kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mwalimu mkuu, wa pili anao naibu. Wawili hao wakinuniana, laptopu hazionekani mpaka wapatanishwe.

Zamu yangu iliangukia mwisho wa muhula. Alama za tathmini zilikuwa zinangojewa na KNEC, baraza la mitihani; TPAD, fomu ya tume ya walimu (TSC) ya kupima utendaji wa mwalimu, nayo haijajazwa, na shuleni stima imekatika. Mkuu akakubali nende nayo nyumbani, lakini si hivihivi. Alifungua daftari, akatoa penseli, akabonyeza kitufe kimoja kimoja huku akisikiliza, nami nimesimama mbele yake.

"Herufi A inalegea. Andika hapo."

Nikaandika.

"Hakuna chai karibu yake. Hakuna flashi ya mtu. Hakuna kuiweka kitandani, inaziba pumzi. Watoto wasiiguse."

"Na ikiharibika, mwalimu?"

"Unalipa."

Naishi na nyanya yangu, huku Msambweni. Nilipofika nilimpa ile hotuba yote ya mkuu, na pale pa "unalipa" nikaongeza sauti. Nyanya akaitazama ile laptopu kwa huruma, akasema, "Basi, mume wangu, hapa kwangu hakuna atakayeigusa."

Jumamosi asubuhi nikaiwasha. Ilikuwa na masasisho ya tangu enzi, ikaandika kwamba isizimwe mpaka imalize. Wakati huohuo nikaitwa mazikoni, mtaa wa pili. Nikaiacha juu ya meza imechomekwa, dirisha wazi, hakuna chai, hakuna flashi, hakuna mtoto. Mkuu mwenyewe angekuja asingepata la kusema.

Nyanya hakumruhusu mtu kuigusa. Ila yeye si mtu, ni mwenye nyumba.

Sasa, nyumba ya nyanya yangu ina sheria yake: hakuna kitu cha maana kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma. Televisheni ina kitambaa cha kufuma. Hata jagi la maji lina chake, chenye shanga pembeni. Alipoona mali ya serikali imekaa wazi, vumbi la barabarani linaingia, alifungua sanduku akatoa kile kikubwa cha sufu alichofumiwa harusini mwake, akaifunika laptopu mbele, nyuma na ubavuni. Na ubavuni ndiko inakotolea joto.

Haukupita muda ikaanza kuvuma. Nyanya akatega sikio. Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaipapasa kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono.

"Masikini! Inahema. Ina homa."

Anasema alinipigia simu. Ni kweli alipiga, lakini makaburini nani anaacha simu ilie? Ikabidi atibu mwenyewe. Na kwa nyanya aliyelea watoto, wajukuu na watoto wa jirani, homa ina dawa moja ya kuanzia. Akachota maji kisimani, akalowesha kanga, akaikamua kidogo (hapa tulikuja kubishana sana, kidogo kiasi gani), akaikanda mgonjwa wake.

Nilirudi nikamkuta kwenye mkeka na tasbihi yake. Laptopu imelazwa pembeni, imefunikwa kanga imerowa, maandishi yametazama juu: WEMA HAUOZI. Kimya.

"Homa imeshuka," akaninong'oneza. "Sasa imelala."

Nilikaa chini. Nilitaka kupiga kelele, lakini nyanya alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayengoja kushukuriwa. Nikashukuru.

Jirani yetu wa bodaboda akaingia bila kubisha, kama kawaida yake pakiwa na msiba. Akatoa hukumu: "Tia kwenye mchele. Mchele unanyonya maji. Simu yangu iliwahi kuanguka chooni, na ndiyo hii naongea nayo." Mchele pekee nyumbani ulikuwa debe la hitma ya marehemu babu. Nyanya akafikiri, akapima mchele na mshahara wangu, akasema marehemu alikuwa mtu wa serikali, ataelewa. Tukaizika laptopu ndani ya debe.

Jumatatu alfajiri nikaifukua. Nikaipangusa kwa brashi ya viatu, mpya, haijaona kiwi. Shuleni nikamkuta mkuu amekaa na afisa wa elimu aliyekuja kukagua vifaa, na daftari liko wazi ukurasa wangu.

Nikabonyeza. Ikawaka! Naapa iliwaka, na mwanga wa kioo ukanipiga usoni mkuu akadhani natabasamu. Afisa akatikisa kichwa, ameridhika. Ndipo feni ikashika kasi. Ikakohoa, ikarusha punje ya mchele juu ya meza. Halafu nyingine. Mkuu akaitazama ile punje bila kupepesa. Na kabla sijapata neno la kusema, kwenye tundu la flashi kukachungulia kidudu cheusi chenye pua ndefu. Kikasimama mlangoni, kikatikisa vipembe vyake, kikatoka, kikaanza safari yake kuelekea kikombe cha afisa.

Fukusi.

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, hii ni laptopu au ni ghala?"

Mkuu akaandika kwenye daftari, akisoma kwa sauti: "Inawaka. Ina wadudu." Kisha akanitaka niandike barua ya maelezo papo hapo, kwa kifaa hichohicho, tuone kama kinafanya kazi. Nikaandika: "Mwlimu Mkuu, nomb kuelez kilichotoke kw lptopu y shule."

Kitufe cha A hakikuwepo. Kulikuwa na shimo tu, na hata ukilibonyeza kwa ncha ya kalamu, wapi. Jaribu wewe kuandika Kiswahili bila A. Hata kuomba radhi huwezi.

Fundi wa Ukunda aliifungua, akapiga mluzi. "Mwalimu, ulikwenda nayo kuvua?" Maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi, tuko karibu na bahari, na chumvi ilikuwa imeanza kuota kutu ya kijani juu ya ubao wa ndani. Akanieleza kwamba mchele haunyonyi maji yaliyojificha mle, unaachia vumbi lake tu na wageni wake. Ya kufanya ni kuchomoa umeme mara moja, kuzima, kutoa betri kama inatoka, kuiinamisha kibodi itazame chini, na kumletea yeye asafishe kwa spiriti. Betri yenyewe, akasema, joto la kitambaa lingeendelea kidogo ingevimba. Akanitajia bei. Nikamwomba aitaje tena, polepole.

Kitufe cha A tukakitafuta kwenye mkoba, njiani, hadi chini ya mkeka. Hakikuonekana. Mkuu akaandika: "A, moja, imepotea."

Hitma ikafika. Nyanya alisisitiza mkuu aalikwe, aje aone kwamba mgonjwa alihudumiwa na watu wa heshima. Mkuu akaja na kanzu. Pilau ikapakuliwa, ya mchele uleule, ambao nyanya aliuchambua mwenyewe kwa ungo. Na macho ya nyanya siku hizi yanaona anachotaka kuona. Mkuu akala kwa raha, akiweka pembeni ya sahani karafuu, vijiti vya mdalasini, na maganda ya iliki. Mara kukasikika "kaa!" menoni mwake. Akasimamisha taya. Akatoa mdomoni kitu cheusi, akakiweka pamoja na viungo vingine. Kisha akakirudia. Akakifuta kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye taa.

"Mwalimu," akasema, "kalete daftari."

Nyanya akamsogezea sinia. "Ongeza, mwanangu. Huenda na nyingine zimo."