Tashlikh: kukung'uta koti na kumaliza deni

Alasiri ya siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, ufukwe wa Tel Aviv na kingo za mito ya New York hujaa watu waliovalia nguo za sikukuu. Wanasali, kisha wanashika pindo za makoti na kuzikung'uta. Wengine wanageuza mifuko nje-ndani, vumbi na chembe za biskuti zikaangukia majini. Hiyo ndiyo Tashlikh, jina lililotoka kwenye kitenzi cha Mika 7:19, pale nabii anaposema Mungu atazitupa dhambi zote katika vilindi vya bahari.

Mtazamaji ana haki ya kuuliza: aliyewadhulumu wenzake mwaka mzima anakung'uta koti, basi yameisha?

Wakubwa wa dini hiyo nao walikuwa na mashaka yao. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, haiitaji ibada hii. Maelezo yake ya mwanzo yanatoka kwa Rabi Yaakov Moelin wa Mainz, Ujerumani, aliyefariki 1427, na yeye mwenyewe alikataza kuwatupia samaki mkate siku ya sikukuu. Watu hawakumsikia, mikate inatupwa hadi leo, na kuna utani wa kila mwaka kuhusu mkate gani ufae dhambi gani (mweupe ni kwa zile za kawaida). Gaon wa Vilna, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 18, hakuwa akienda mtoni kabisa.

Hoja ya wenye mashaka ni nzito. Mishna, sehemu ya kwanza ya Talmudi, inasema wazi kwamba hata Siku ya Upatanisho (Yom Kippur), siku ya kufunga na kutubu, haifuti kosa ulilomfanyia mwenzako mpaka umridhishe. Kama siku hiyo kuu haiwezi, mto utaweza wapi? Mshahara wa kibarua uliouzuia bado uko kwako.

Hata hivyo, nadhani wanaoicheka Tashlikh wanakosea kuhusu kazi ya maji. Jerusalem haina mto wala bahari, na watu wa huko husimama kwenye kisima au birika. Maji ya kisima hayaendi popote. Ukitupa kitu humo, kesho kiko palepale. Kama shabaha ingekuwa mkondo uchukue dhambi, kisima kisingefaa. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, alieleza kwamba mtu akitazama vilindi humkumbuka Muumba, akajutia aliyoyafanya. Yaani maji ni ya kutazamwa. Na kalenda inaunga mkono: Tashlikh huja mwanzoni, Siku ya Upatanisho ni siku ya kumi, na katikati ndipo kazi ilipo.

Mkate ningeuacha, maana unampa mtu hisia ya kulipa. Mifuko ningeibakiza. Kutia mkono mfukoni mbele ya majirani na kukuta takataka zako mwenyewe si jambo dogo.

Jioni ya siku ya pili sikukuu inakwisha, simu zinawashwa, na watu wanaanza kutafutana. Maimonides, mwanazuoni wa sheria wa karne ya 12, aliiweka kanuni: uliyemkosea asipokusamehe, mwendee na marafiki zake watatu, akikataa, rudi mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo mwache, na aliyekataa ndiye mwenye dhambi.