Ghala la Harmondsworth na tembe za Dodoma

Karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa London, kuna kijiji kiitwacho Harmondsworth, na ndani yake limesimama ghala la nafaka lililojengwa kwa mbao za mwaloni mwaka 1426 na 1427. Katika miaka niliyoishi Uingereza nimeona makanisa na makasri mengi, lakini ghala hili ndilo lililonipa sababu ya kutafakari upya jinsi sisi Watanzania tunavyoyachukulia majengo yetu. Lilijengwa kwa ajili ya kazi tu, na hata hivyo Waingereza wameliweka katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria.

Lina urefu wa karibu mita 58, upana wa mita 12 hivi na kimo cha mita 11. Ukiingia unakuta safu mbili za nguzo zinazoligawa sehemu tatu kwa urefu, mpangilio ule ule wa makanisa ya kale, na ndiyo maana mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex, jimbo la zamani ambalo kijiji hicho kilikuwa ndani yake. Kila nguzo imekalishwa juu ya jiwe ili unyevu wa ardhi usiiozeshe. Mafundi walichonga ulimi kwenye gogo moja na tundu kwenye jingine, wakavipachika, kisha wakavikaza kwa misumari ya mbao, ambayo bado inaonekana kwenye viungo ukisogea karibu. Mbao zilizopigiliwa kuwa kuta huzuia mvua na upepo. Paa zima la vigae limebebwa na fremu hiyo ya nguzo na magogo.

Shamba lenye ghala hilo lilikuwa mali ya Winchester College, shule iliyoanzishwa na Askofu William wa Wykeham, na mapato yake yalisaidia kuiendesha shule hiyo. Mikokoteni ilileta miganda ya ngano na shayiri, ikalundikwa humo hadi juu. Majira ya baridi vibarua waliipura sakafuni kwa fimbo mbili zilizoungwa kwa ngozi, huku milango ikiachwa wazi ili upepo upeperushe makapi. Kilimo kiliendelea kulitumia hadi miaka ya 1970.

Mtu aliyekulia Ugogoni, huko Dodoma, hawezi kusoma habari hizo bila kuikumbuka tembe. Nayo ni nyumba ya fremu: nguzo zenye panda hubeba boriti, boriti hubeba fito na udongo wa paa bapa, na ukuta wa fito uliokandikwa udongo hujaza nafasi tu. Ndani yake kilikaa kihenge cha uwele au mtama, kimesukwa kwa fito na kusiribwa kwa udongo na samadi, na nje akina mama walipura na kupepeta kwa ungo. Kanuni ya ujenzi ni ile ile na kazi ni ile ile, lakini sisi tulifundishwa kuiona tembe kuwa dalili ya umaskini, tukaibomoa kwa fahari siku tuliyopata bati.

Ghala la Harmondsworth nalo lilikaribia kupotea. Mmiliki wake aliliacha lichakae, ikabidi English Heritage, taasisi inayotunza majengo ya kale ya Uingereza, iingilie kati kulikarabati, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba imelinunua kwa pauni 20,000. Leo hufunguliwa baadhi ya Jumapili, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowapokea wageni. Jambo hilo naliheshimu sana. Hata hivyo, mafundi waliolijenga wamekufa karibu miaka 600 iliyopita, na ujuzi wao inabidi usomwe kwenye mbao zenyewe.

Kwetu bado wapo wazee wanaojua mti upi hauliwi na mchwa, panda ikatwe wapi, na udongo wa paa uchanganywe vipi usivuje wakati wa masika. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam kinaonesha nyumba za makabila mbalimbali, na ni kazi njema, ila nyumba ya maonyesho haijibu maswali kama fundi aliye hai. Kwa hiyo ningependa wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi wapelekwe Dodoma na Singida, wazipime tembe zilizobaki, wachore kila kiungo, wawarekodi mafundi wakiwa kazini, na wazee hao walipwe kama wakufunzi wengine wanavyolipwa.