Tuitane kwa Orodha ya Siku ya Kuripoti

Kila kozi ya maafisa wa jeshi ina orodha mbili. Ya kwanza huandikwa siku ya kuripoti chuoni, vijana wakiwa bado na nywele zao na mabegi waliyopangiwa na mama zao. Ya pili husomwa siku ya gwaride la kuhitimu, kamisheni, yaani cheo cha uafisa, zinapotolewa, na karibu siku zote ni fupi kuliko ile ya kwanza. Miaka thelathini au arobaini baadaye, wanakozi wakishastaafu na kuanza kutafutana, wanaishika hiyo ya pili na ya kwanza haikumbukwi tena. Naona tunakosea. Orodha ya kuhitimu ni ya jeshi. Orodha yetu sisi ni ile ya siku ya kuripoti.

Nasema haya nikiwa mmoja wa wanaohangaika kuikusanya kozi yetu, na wastaafu wa kozi nyingine ninaozungumza nao wananieleza hali ileile. Mtu anafungua kundi la WhatsApp, anawaingiza anaowajua, nao wanawaingiza wanaowajua, na baada ya muda mfupi kila mmoja anaamini kozi imetimia. Ukipitia majina unakuta wengi ni waliofika ukanali na kupanda juu, maana hao ndio waliokuwa wakikutana makao makuu na kwenye kozi za ukamanda, na namba zao za simu hazikupotea. Waliotoka jeshini wakiwa makapteni ni wa kuhesabu. Walioachishwa mafunzo kabla ya kamisheni hawamo kabisa. Hakuna aliyekaa kikao akaamua wasiitwe, ila hakuna pia aliyewauliza.

Hao hawakuwa wapita njia. Aliyepitia chuo cha kijeshi anajua majuma ya kwanza yalivyo. Unaitwa kwa namba, au kwa jina la utani ulilobandikwa na mkufunzi siku ulipokosea hatua kwenye kwata. Buti la mmoja likikutwa na vumbi, platuni nzima inakimbia. Usingizi ni wa kuibia. Katika majuma hayo ndipo kijana aliyezoea kujitegemea anajifunza kushikwa mkono, na anayekushika mkono ni yule ambaye bahati imemweka kitanda cha jirani. Yeye ndiye anayekuonyesha namna ya kutandika shuka mpaka likaze, ndiye anayekupokea bunduki dakika chache kwenye mwendo mrefu miguu inapokataa, ndiye anayekuambia usiku, taa zikishazimwa, usiandike barua ya kuacha mpaka asubuhi. Inawezekana kabisa mtu huyo goti lilimshinda miezi michache baadaye akarudishwa nyumbani. Ulivaa nyota mabegani kwa sababu yake, na wewe hujui hata kama yu hai.

Watafiti wa kumbukumbu wameona jambo linalonisaidia kueleza hili. Wazee wanapoombwa kusimulia maisha yao, matukio ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hujitokeza mengi kuliko ya miaka mingine ya utu uzima. Chuo cha kijeshi kinakaa katikati kabisa ya kipindi hicho. Ndiyo maana mzee aliyesahau alikoweka miwani bado anaitaja namba ya bunduki yake ya kwanza bila kusita. Na ndiyo maana, tukikutana, hatuzungumzii sana ukamanda wa vikosi wala vyeo tulivyomalizia navyo. Tunarudi kule kwenye bweni, na bwenini kule tulikuwa wengi.

Kwetu jambo hili lilinigusa kupitia mwenzetu mmoja aliyeachishwa kwa sababu za kitabibu, muda mrefu kabla ya gwaride la kuhitimu. Tulimpata kwa kuzungushana simu, ndugu kwa ndugu. Tulipomwambia kwamba tunakutana na tunamtaka, alikaa kimya, kisha akauliza kwa adabu kama ana haki ya kuja, "maana mimi sikumaliza." Mtu aliyelala nasi chumba kimoja, akala kwata nasi, anatuomba ruhusa! Alikuja. Jioni, mazungumzo yalipokolea, mtu akasema hatukumbuki platuni yetu ilianza na nani na nani. Yeye akaanza kuyataja majina, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa vitanda kutoka mlangoni. Aliyataja yote. Kulikuwa na mawili ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyakumbuka mpaka yalipotoka kinywani mwake.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sisi tuliobaki, ile orodha ya kwanza ilifutwa vichwani mwetu na ya pili, kwa kuwa ya pili ndiyo tuliyoishi nayo. Jeshini nafasi uliyoshika siku ya kuhitimu inakufuata: nani mkubwa kwa nani, nani atapanda kabla ya nani. Tuliirudia miaka yote ya utumishi. Yeye hakuwa na orodha ya pili ya kuirudia. Aliyoondoka nayo ni ile ya kwanza, akaitunza nzima.

Hadithi za kozi mashuhuri nazo zinatulea vibaya. Wanajeshi wengi wameisikia kozi ya mwaka 1915 ya West Point, chuo cha kijeshi nchini Marekani. Waliohitimu walikuwa 164, na 59 kati yao walifikia ujenerali. Wamo Dwight Eisenhower na Omar Bradley, ambao wote wawili walivaa nyota tano, na Eisenhower akawa rais wa nchi. Eisenhower alihitimu akiwa wa 61 na Bradley wa 44, na jambo hilo hupenda kutajwa ili kuwatia moyo wasiokuwa juu darasani. Sawa. Lakini toa 59 kwenye 164. Wanabaki 105 ambao hakuna simulizi linalowataja, na hao bado ni waliohitimu. Waliochujwa kabla ya siku hiyo hata kwenye hesabu hawamo. Tukiipima kozi kwa majenerali wake tunawafundisha wengine wote kwamba waliijaza tu idadi.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka chuo hicho hicho, na ni wa watu wawili waliopishana mwaka mmoja. Ulysses Grant, aliyekuja kuwa jenerali na rais wa Marekani, alihitimu mwaka 1843, Simon Bolivar Buckner mwaka 1844. Mwaka 1854 Grant aliacha jeshi akiwa kapteni, akafika New York njiani kurudi kwao akiwa hana fedha hata za kulipia hoteli. Wakati huo hakuwa na lolote la kumpa mtu: cheo kimekwisha, na minong'ono kuhusu ulevi inamfuata. Buckner alimsaidia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawatupa pande mbili, na Februari 1862, kwenye ngome ya Donelson, Buckner ndiye aliyelazimika kusalimu amri mbele ya Grant, tena bila masharti. Aliumia na hakuficha. Hata hivyo Grant alimwendea akampa mkoba wake wa fedha autumie akiwa mfungwa. Julai 1885 Grant alikuwa anakufa kwa saratani ya koo, hawezi tena kusema, anaandika vikaratasi. Buckner alisafiri kwenda kumwona, na kwenye mazishi alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza wa heshima.

Watu husimulia habari hiyo kwa ajili ya vita na upatanisho. Mimi huishia mwaka 1854, pale hotelini. Angekuwa na kundi la simu kama letu, Grant wa mwaka ule asingeingizwa. Alikuwa kapteni aliyeacha kazi kwa fedheha. Buckner hakumuuliza ameishia wapi. Alimjua tangu wakiwa wanafunzi, basi.

Chuo hicho cha West Point kina pia mfano wa aliyefukuzwa kabisa. Mshairi Edgar Allan Poe aliingia mwaka 1830 na mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamwondoa. Mwaka huohuo wa 1831 alichapisha kitabu cha mashairi kwa fedha walizochanga kadeti wenzake, yaani wanafunzi wa uafisa, naye akakitabaruku kwao. Chuo kilikuwa kimemaliza naye. Vijana wale walikuwa bado hawajamaliza. Na nikiangalia mbali na Marekani, naona Chuo cha Kijeshi cha India, Dehradun, kilichofunguliwa mwaka 1932 na kadeti 40. Katika hao 40 walitoka wakuu wa majeshi ya nchi tatu: Sam Manekshaw wa India, Muhammad Musa wa Pakistani na Smith Dun wa Burma. Mipaka ilichorwa juu yao wakiwa watu wazima, na India na Pakistani zikapigana. Orodha ya mwaka 1932 haikubadilika.

Ninapotoa maoni haya kwa wenzangu, wapo wanaopinga, na hoja zao si za kubeza. Mmoja aliniambia kamisheni si zawadi ya kuhudhuria, kwamba waliovumilia walivumilia na waliokata tamaa walikata tamaa, na kuwaweka pamoja ni kupunguza thamani ya uvumilivu. Namheshimu, na kuhusu kamisheni nakubaliana naye. Lakini mkutano wa wazee haumtunuku mtu chochote. Hakuna nyota inayotolewa pale. Jeshi lilikwisha kuamua nani anafaa kuongoza askari, na liliamua kwa sababu zake. Tunaloamua sisi ni nani tulikuwa naye tukiwa na miaka kumi na tisa, na hilo halihitaji kuamuliwa kwa sababu lilikwishatokea.

Kuna hoja nyingine, ngumu zaidi: aliyeondolewa kwa aibu. Aliyeiba vitu vya wenzake bwenini, kwa mfano. Hapa sioni kanuni ya kumfaa kila mtu. Wenye haki ya kusema ni wale alioibia, waulizwe, na wakikataa wasikilizwe. Lakini nimeona pia neno "aibu" likitumiwa kwa mtu aliyekataa amri ya mkubwa aliyekuwa mwonevu, au aliyepata msongo wa akili wakati ambao hatukuwa na jina la ugonjwa huo wala tiba yake, tukamwita mwoga. Kwa mtu wa namna hiyo sisi ndio tunaodaiwa. Asipigiwe simu ya kukaribishwa tu. Aombwe radhi, na aombwe na waliokuwa wakimcheka.

Kuhusu mkutano wenyewe sina mengi, ila yale machache nayatilia mkazo. Vyeo vibaki nje, na anayepaswa kuviacha nje wa kwanza ni aliyemaliza navyo vikubwa kuliko wote. Aliyetoka kapteni hawezi kumwambia jenerali mstaafu "niite kwa jina". Ni jenerali anayeanza. Akiingia akaita mtu kwa jina lake la utani la kadeti na kwenda kukaa karibu na yule asiyemaliza, kazi imekwisha, hakuna hotuba itakayohitajika. Tena msiketi kwenye ukumbi wenye muziki mkubwa. Wengi wetu masikio yaliharibiwa na mizinga na viwanja vya shabaha, na mzee asiyesikia hutabasamu, hutikisa kichwa, kisha mwaka unaofuata haji. Chumba kitulivu na watu wachache ni bora kuliko kusanyiko la picha. Wajane wa wenzetu waalikwe kwa majina yao, kwa kuwa wengi wamesikia hadithi zetu kutoka upande mmoja tu na wana maswali.

Na yafanyike mapema. Kozi ambayo wenyewe wamefika miaka sabini haina nafasi ya kuahirisha hadi mambo yatulie. Ambaye hajisikii kusafiri aendewe, hata na wawili.

Kwa anayetaka kuanza, orodha ya siku ya kuripoti haijapotea hata kama hamna karatasi. Imegawanyika vichwani mwa watu. Mpigieni kila mmoja mkamwombe mambo mawili: nani alilala kulia kwake na nani kushoto. Msiulize nani alihitimu. Andikeni mnachopewa, hata lakabu isiyo na jina kamili, hata "yule mrefu aliyekuwa akiimba." Kisha gawaneni majina yasiyopatikana, kila mtu achukue lake moja alitafute mpaka alijue limeishia wapi, kwa uhai au kwa kifo, na kama ni kifo, familia ijue kwamba kuna watu walikuwa wakimtafuta. Sisi tumegawana hivyo. Nimepewa moja kati ya yale majina mawili yaliyotajwa jioni ile, na tayari nina namba ya mpwa wake.

Simu ikipokewa, taja jina lako, kombania, platuni na kitanda ulicholala. Cheo ulichostaafu nacho usikitaje mpaka akuulize.