Mbegu ya Viazi Haifichwi Gizani

Mvua zikikaribia, hakosi jirani wa kuuliza kama kuna haja ya kungoja viazi vichipue ndipo vipandwe. Haja ipo. Ila mimi huuliza kwanza vinachipulia wapi, maana hapo ndipo wengi wetu huku nyanda za juu za Kenya tunapojiharibia.

Mazoea yetu ni kufunga mbegu kwenye gunia na kulisukuma kwenye kona ya stoo, au kuchimba shimo na kufunika na nyasi. Kuchipua vitachipua, hakuna ubishi. Lakini fungua gunia hilo uone: nyuzi ndefu nyeupe zimesukana, na ukivuta kiazi kimoja zinakatika tap, tap, tap. Chakula kilichojenga nyuzi hizo kilitoka ndani ya kiazi, na sasa kimenyauka kinaanza upya.

Kiazi kikikaa penye mwanga usio wa jua kali, mambo hugeuka. Ngozi inakuwa ya kijani, na chipukizi linatoka fupi, nene, lenye rangi ya kijani au zambarau. Litazame kwa karibu pale chini: utaona vipele vidogo vimelizunguka. Hiyo ni mizizi inayosubiri udongo. Lisukume kwa kidole, halidondoki. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, kilichoko Lima nchini Peru, wamekuwa wakiwafundisha wakulima kujenga maghala ya mbegu yenye rafu na kuta zinazopitisha mwanga kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kibustani cha nyumbani hahitaji ghala. Trei za mayai barazani zinatosha, kila kiazi na kishimo chake, upande wenye macho mengi, yaani panapotokea machipukizi, ukitazama juu. Jihadhari na kuku tu.

Maelekezo ya Uingereza ya kuanika viazi dirishani tangu Januari au Februari siyapingi, ila ni ya kwao: udongo wao bado ni baridi, nao wanataka kuwahi. Sisi kinachotukimbiza ni mvua. Mbegu ambayo haijaamka ikifukiwa, hukaa ardhini wiki kadhaa huku maji ya mwanzo yakipita, na udongo ukituamisha maji inaoza hapo hapo. Iliyochipua vizuri hutokeza mapema na kwa pamoja, ukapalilia na kupandishia udongo mara moja shamba zima.

Halafu aina za viazi hazifanani. Shangi karibu hailali. Ukishavuna, baada ya wiki chache macho yameshafunguka, na ni sababu mojawapo ya watu kuipenda. Kwa Shangi, mwanga ni breki: unazuia machipukizi yasirefuke kabla ya mvua. Dutch Robijn usingizi wake ni wa miezi. Hiyo unaweza kuianzia gizani penye joto, lakini macho yakianza tu kutokeza ihamishie kwenye mwanga. Na ukiona chipukizi moja la kileleni limetangulia na mengine yamelala, livunje. Wanaolionea huruma huishia na shina moja kwa shimo, na mashina machache ni viazi vichache.

Mbegu iliyo wazi ina adui zake pia, hasa nondo wa viazi, anayetaga mayai kwenye macho. Wakulima wengi hutandaza majani ya lantana, kile kichaka chenye harufu kali, kati ya viazi kumfukuza, na mimi hufanya hivyo. Kila ukipita, toa kilicholainika au kinachotoa uchafu machoni. Huenda ni mnyauko wa bakteria, na huo ukiingia shambani hautoki upesi. Ndiyo maana sipendi kukata mbegu vipande. Kisu kilichopita kwenye kiazi kimoja kigonjwa kinaugawa ugonjwa kwa vyote vinavyofuata. Kiazi kizima, saizi ya yai la kuku, kinatosha.

Siku ya kupanda, beba trei yenyewe hadi shambani. Kumwaga mbegu kwenye ndoo ni kuvunja kazi yote. Zikibaki, zisirudi jikoni: rangi ile ya kijani huandamana na sumu ya solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Hata ng'ombe usimpe.