Mimi Siyo Mnunuzi wa Vichwa

Sijui nani aliyewaambia watu kwamba kusoma nje ni kutalii. Nikimpata nitamkalisha chini nimhoji, na fomu ya ridhaa atasaini kabla hajafungua mdomo. Mjomba wangu kila akipiga simu swali ni lile lile: "Haya mtalii, leo tuko nchi gani?" Namwambia, shikamoo mjomba, niko fildi. "Marahaba. Fildi ndiyo wapi?" Visiwa vya Lofoten, mjomba, kaskazini mwa Norwei, ndani ya duara la Aktiki, nimesimama gatini nasubiri mzee mmoja amalize kahawa yake ndipo aamue kama anaongea na mimi au anakwenda kulala. Kimya kidogo. Halafu: "Sawa sawa. Sasa zile taa za kijani za angani mbona hututumii?"

Mjomba, mawingu! Usiku mmoja tu zilitoka, na nasikia zilikuwa balaa. Mimi nilikuwa ndani, spika masikioni, narudisha nyuma na kupeleka mbele ngurumo ya injini ya boti ili nijue baada ya ile ngurumo mtu alisema nini. Kijiji kizima kilipiga picha isipokuwa mtafiti.

Ngoja nieleze kilichonileta, maana kuna asubuhi hata mimi nahitaji kukumbushwa. Nasoma shahada ya uzamili, na mada yangu ni kazi ya kukausha samaki. Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, samaki mkubwa wanayemwita skrei huteremka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai Lofoten. Wavuvi wanamvua, wanamkata kichwa, wanamtoa matumbo, kisha wanawafunga wawili wawili mikia kwa mikia na kuwaning'iniza juu ya vichanja vya mbao virefu kuliko nyumba. Chumvi hakuna. Moshi hakuna. Ni upepo tu, kuanzia Februari mpaka Mei, hadi awe ng'onda ambaye ukimgonga mezani, meza ndiyo inalalamika. Siri yake ni kwamba mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unapita hapo, kwa hiyo ingawa uko latitudo ya 68, baridi inachezacheza kwenye nyuzi sifuri. Ingezidi hapo, samaki angeganda nyama iharibike. Ingepungua, nzi wangekuja. Ni hali ya hewa iliyokatwa kwa kipimo cha samaki, na mimi nimewekwa humo humo nikiwa na koti la punguzo.

Kufika kwenyewe ni sura nzima ya tasnifu. Treni kutoka Trondheim hadi Bodø ni kilomita 729, takriban saa kumi umekaa. Mkifika mlima wa Saltfjellet, pale reli inapokata duara la Aktiki, abiria wanasimama na simu zao kupiga picha. Nami nikasimama. Nikapiga picha. Ni theluji. Upande wa pili nako ni theluji. Kutoka Bodø unapanda kivuko cha zaidi ya saa tatu kuvuka Vestfjorden, na hapo majira ya baridi bahari haina adabu hata kidogo. Kitu pekee kilichonifariji ni Charles Darwin, ambaye kichefuchefu kilimtesa kwenye meli ya Beagle tangu 1831 mpaka 1836. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitapika akapata nadharia. Mimi nimeshatapika, nadharia bado tunaisubiri.

Sasa umefika, unadhani kazi imeanza. Kazi gani? Hawa watu hawaongei! Darasani tulifundishwa "mhojiwa akinyamaza, mpe muda." Nimempa. Mzee wa kwanza nilimuuliza kazi ya uvuvi imebadilikaje tangu ujana wake. Akatazama maji. Nami nikatazama maji. Boti ikaingia, ikapakua, ikaondoka. Hatimaye akavuta pumzi ndani, fupi na ya ghafla, mpaka nikashika simu kuita gari la wagonjwa. Kumbe ndiyo ameitika! Huku kaskazini mtu akikubali jambo anaweza kulivuta ndani badala ya kulitoa nje. Hakuna mwalimu wa Kinorwei aliyenionya. Nenda sasa kanukuu mahojiano hayo. Ile programu ya kubadili sauti kuwa maandishi inaniandikia nafasi tupu, nafasi tupu, kisha neno "upepo". Nimekusanya mahojiano ya kutosha, na sehemu kubwa ni watu wazima wanavuta pumzi.

Halafu fomu. Tangu 2018 Norwei inafuata sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, na ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na aliyetunga fomu yenyewe, kurasa tatu za herufi ndogo. Bila shaka alimfikiria mhojiwa aliyekaa kwenye kochi na miwani yake. Wa kwangu amevaa glavu za mpira hadi kwenye viwiko, zinachuruzika damu ya samaki, upepo unataka kuondoka na ukurasa wa pili, na kalamu imegoma kwa baridi. Nikaamua kumsomea kwa sauti. Nilipofika pale pasemapo "unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu," akaninyooshea kidole.

"Wakati wowote?"

Wakati wowote.

"Hata sasa hivi?"

Hata sasa hivi.

"Basi nimejitoa."

Akarudi kwenye nyavu zake. Na hapo, bila mimi kuuliza chochote, mdomo ukafunguka! Akaongea mpaka kahawa yake ikapoa, akaleta nyingine, akaongea tena, mikono juu, mara anacheka, mara anafuta jicho. Sijawahi kusikia maelezo mazuri namna ile kuhusu mada yangu, wala kwenye vitabu sijayakuta. Alisema nini? Siwezi kukwambia. Alijitoa.

Lakini yote hayo nayavumilia. Lisilovumilika ni suala la vichwa.

Huku hakuna kinachotupwa. Mwili wa skrei ukishaning'inizwa, kichwa nacho kinatungwa kwenye kamba na kukaushwa kivyake, na soko lake kubwa ni Nigeria, ambako kinapikwa kwenye supu. Biashara hiyo ina mizizi. Ng'onda wa Norwei alipelekwa hata kama chakula cha msaada wakati wa vita vya Biafra huko huko Nigeria, 1967 hadi 1970. Kwa hiyo Mwafrika akionekana gatini mwezi Februari, na daftari mkononi, anaangalia samaki kwa makini, mtu wa hapa hafikirii mara mbili. Mnunuzi amefika! Nakaribishwa kwa heshima ambayo chuoni sijawahi kuipata. Mlango wa ghala unafunguliwa, napelekwa moja kwa moja kwenye rundo la vichwa, naonyeshwa vikubwa, vya kati, vidogo, gunia linapasuliwa ninuse. Nanusa, nifanyeje? Nasema mimi ni mwanafunzi, natafiti. Mwenye ghala anatabasamu, anajua hizo mbinu za kupunguza bei. Nasema natoka Afrika Mashariki, Nigeria iko upande wa pili wa bara. Anavuta pumzi ndani. Kisha ananitajia bei mpya, iliyoshuka.

Pale pale ghalani nikakutana na mtaalamu pekee aliyenihoji mimi. Umri wake ni wa shule ya msingi. Kazi ya kukata ndimi za skrei kwa desturi ni ya watoto, na hela wanayopata ni yao. Mbele yake kuna ubao wenye msumari mrefu wa chuma uliosimama wima. Anaokota kichwa kikubwa kuliko chake, anakidunga chini ya taya mpaka ncha inatokeza, ulimi unajileta wenyewe, kisu kinapita mara moja, ulimi kwenye ndoo, kichwa kwenye kreti. Haangalii hata mikono yake. Ananiangalia mimi.

"Unalipwa kwa kilo?"

Hapana.

"Kwa saa?"

Silipwi, nasoma.

Kisu kikasimama. "Sasa kwa nini unafanya?"

Msimamizi wangu naye huniuliza swali hilo hilo, ila yeye hutumia aya mbili na neno "mchango". Yule mtoto ndoo ilikuwa imejaa. Nikiangalia bei ya ndimi kwa kilo na nikiangalia posho yangu, afadhali nisingeuliza.

Ninayemwonea wivu katika historia nzima ya fildi ni Pietro Querini. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Venice. Mwaka 1431 aliondoka Krete na shehena ya mvinyo kwenda Flanders, dhoruba zikamvunjia meli, na mwanzoni mwa 1432 yeye na wachache waliobaki hai wakatupwa kwenye kisiwa kitupu karibu na Røst, kule Lofoten inakoishia. Wavuvi wakawakuta, wakawachukua majumbani, wakawalisha samaki kwa miezi kadhaa. Akarudi kwao na ng'onda na maelezo ya maandishi, na mpaka leo Waitalia ndio wanaochukua samaki wa daraja la juu, tena Røst wamemtungia opera. Hiyo ndiyo fildi! Malazi bure, chakula bure, jamii imekupokea, hakuna anayekuuliza sura ya tatu iko wapi. Sharti moja tu, uzame kwanza.

Mimi malazi yalitaka kunitoa roho bila kuzama. Vile vibanda vyekundu vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo majini, ambavyo inasemwa vya kwanza vilijengwa kwa amri ya mfalme Øystein karne ya 12 ili wavuvi wasilale chini ya boti zao, siku hizi vina sakafu inayopashwa joto na wageni waliokuja kupiga picha. Bei ya usiku mmoja niliitazama nikadhani ni namba ya simu. Nikamwandikia msimamizi. Huyu ni profesa mwenye mvi, lakini huku anaitwa jina lake la kwanza kama mtoto wa jirani, na ulimi wangu bado unagoma. Akajibu haraka, jambo ambalo kwa sura zangu halitokei. Akanikumbusha kwamba sheria ya 1957 inamruhusu mtu yeyote kupiga hema porini bure, alimradi awe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Akaongeza kwamba Malinowski, yule mwanaanthropolojia maarufu, naye aliishi kwenye hema.

Malinowski alikuwa visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya! Kuna minazi kule! Na hata na hiyo minazi yake, shajara yake ilipochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kufa, watu wakakuta alikuwa analalamika kuliko mimi: kachoka, anaumwa, hawataki hao watu aliokwenda kuwasoma. Huyo ndiye baba wa fildi. Basi na mimi mniache.

Mwishowe bibi mmoja mjane akanipangishia chumba juu ya stoo ya nyavu, kwa bei ya huruma, na kodi iliyobaki nalipa kwa kunywa kahawa yake. Si utani. Huku ukikataa kahawa umekataa mahojiano, na wanakunywa tangu alfajiri mpaka usiku, nyeusi, bila sukari. Siku niliyokubaliwa kwenda baharini na boti ndogo nilikuwa nimepitia jikoni kwa watu watatu. Kuhusu choo cha ile boti nitasema tu kwamba hakikuwepo.

Nikirudi chuoni wahasibu wananisubiri. Wanataka risiti ya usafiri wa kila siku. Upepo ukizidi basi haliji, kwa hiyo nabebwa na mtu yeyote anayepita: gari la samaki, gari la barua, trekta. Nimewaeleza kwamba lifti haina risiti. Wamenitumia fomu ya kueleza kwa nini lifti haina risiti, nayo inataka saini ya dereva wa trekta.

Juzi hatimaye nikapeleka rasimu kwa msimamizi. Ameisoma, kwa maana amejibu. Anasema sehemu ya ghala la vichwa ndiyo iliyo hai kuliko zote, nyingine zimekaa kimya mno. Nikamwambia zimekaa kimya kwa sababu waliohojiwa walikaa kimya. Hakucheka. Anasema sasa nifuate bidhaa mpaka kwa mlaji: niende Nigeria, sokoni, niwahoji akina mama wanaouza vile vichwa. Nikamuuliza bajeti, viza, lugha. Akashangaa kweli kweli. "Lakini kule," akasema, "si ni kwenu?"

Nimefungua fomu mpya ya kamati ya maadili. Kipengele cha kwanza kinasema: eleza uhusiano wako na jamii unayokwenda kuitafiti.