Wengine tunatoka kuangalia tu
Habari yenu imeandikwa kama vile kila anayeishi Uholanzi siku ya mfalme, 27 Aprili, anamshangilia mfalme, si kweli jamani. Mimi niko Utrecht na huyo mfalme Willem-Alexander simchukii wala simpendi, ni bethidei yake tu, kazaliwa 1967, na nguo ya rangi ya chungwa, ile rangi ya ukoo wa kifalme wanayovaa siku hiyo, sina. Ila mtaani natoka, maana siku hiyo watu wanaruhusiwa kuuza vitu vyao vya zamani barabarani bila kibali, na hapa kwetu soko linaanza tangu jioni ya kuamkia sikukuu, basi utakuta watoto wametandika blanketi wanauza midoli, mmoja anapiga violini na kopo la hela miguuni, mama yake kakaa nyuma kimya anamwacha abishane bei na wateja mwenyewe. Hapo ndo penyewe! 2025 tarehe 27 iliangukia Jumapili wakasherehekea tarehe 26, siku yetu Watanzania ya Muungano kabisa, na mimi kichwani nilikuwa na Muungano zaidi. Majirani zangu Waholanzi nao kadhaa wanafuata soko na muziki tu, siku nyingine waulizeni na hao.