Ua wa Nyumba kwa Mtu Asiyeweza Kutupa Kitu

Katika barabara ya Fifth Avenue, eneo la Harlem, New York, kuna kibustani chenye jina la ndugu wawili, Homer na Langley Collyer. Mwezi Machi 1947 polisi walilazimika kupitia dirishani ili kuingia katika nyumba yao iliyosimama hapo, wakamkuta Homer, aliyekuwa kipofu, amekufa. Langley alikuwa ameangukiwa na marundo ya vitu walivyolimbikiza alipokuwa akimpelekea nduguye chakula, na mwili wake ulipatikana zaidi ya wiki mbili baadaye, mita chache tu kutoka alipokuwa Homer. Zilitolewa humo zaidi ya tani 100 za magazeti, vitabu, piano na vikorokoro, kisha nyumba ikabomolewa. Kila nikiifikiria miti ya bustani ile, najiuliza ingewafaa vipi wenyewe kama ingekuwepo walipokuwa hai.

Ugonjwa wa kulimbikiza vitu ulihesabiwa kwa miaka mingi kuwa sura mojawapo ya maradhi ya wasiwasi wa kupindukia, hadi mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoutenga mwaka 2013. Sisi tuliolelewa kwa msemo wa akiba haiozi huchelewa kuutambua. Mweka akiba, hata hivyo, bado analala kitandani mwake na kupika jikoni mwake. Mgonjwa huumia kuachana hata na risiti iliyofutika, hushindwa kuamua kipi kibaki na kipi kiende, na mwishowe kitanda hakilaliki wala jiko halipikiki.

Niliwahi kushirikiana na ndugu zangu kumfagilia jamaa yetu chumba alipokuwa safarini, tukidhani tunamtendea wema. Baada ya miezi michache chumba kilijaa tena, safari hii kikiwa na kufuli ambalo ufunguo wake hatukupewa.

Kumfagilia mtu kwa siri hakusaidii, ndiyo maana navutiwa na wasanifu wanaotaka makazi yaliyojaa mimea na mwanga, ingawa nina masharti. Hoja yao huanzia mara nyingi kwa utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, ulioonyesha kwamba waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa karibu na dirisha lenye kuonyesha miti walitoka hospitalini mapema kidogo na kuhitaji dawa kali chache za maumivu kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Wagonjwa wale walikuwa 46, na maradhi yao yalikuwa mengine kabisa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba mwembe utamponya mtu kulimbikiza. Ninachodai ni kidogo zaidi: kazi ya kuamua inachosha, na kijani cha kutazama kinaweza kumpumzisha anayeifanya pamoja na mtaalamu wake. Lakini mimea hiyo isiwe ya vyungu. Mtu anayelimbikiza makopo atalimbikiza na vyungu, na wapo wanaolimbikiza hata paka. Mti uwe umepandwa ardhini, uwe wa wakazi wote, usiwe kitu kingine cha kumilikiwa.

Kuna jambo la aibu pia, ambalo michoro yenye kuta za vioo hulisahau. Anayeona haya kwa hali ya chumba chake hufunga pazia, na dirisha kubwa linaloelekea barabarani litafunikwa siku ya kwanza. Hapa nyumba za mawe za Lamu zina la kufundisha: upande wa njia huweka ukuta, zikapata mwanga na hewa kupitia kiwanda, yaani ua ulio ndani ya nyumba, ambako mpita njia haoni kitu. Mkazi aliyepewa chumba kinachotazama ua wa namna hiyo anaweza kufungua dirisha bila kujianika.

Katika ua huo ningeweka meza moja chini ya mti, mahali pa kutolea mfuko mmoja wa vitu na kuuchambua asubuhi moja. Nisingeiezekea, kwa sababu ubaraza wenye paa ungegeuka stoo kabla ya masika. Na mlango wa kutokea uani ningeutaka ufunguke kuelekea nje, ili hata siku marundo yatakapoulemea kwa ndani, jirani aweze kuuvuta na kuingia.